Mzee Elpidius Bainomugisha, 1950–2025: Aliyekataa Mtoto Achapwe kwa Kunyamaza

Ndugu waombolezaji, mimi ni Joviness, mdogo wake marehemu, wa mwisho kuzaliwa. Nimeishia darasa la saba, kwa hiyo maneno ya kupamba sinayo. Nitasoma yaliyotokea.

Marehemu Elpidius alizaliwa tarehe 3 Februari 1950, Nyakakika, Karagwe, akiwa mtoto wa tatu wa katekista Bainomugisha. Baba alimpeleka kubatizwa akiwa na wiki moja. Akiwa mtoto alitumikia altareni, na mama alikuwa akisema kwamba alijua Kilatini cha misa kabla hajajua kufunga vifungo vya shati lake.

Alianza shule ya misheni hapo hapo Nyakakika mwaka 1958, akasoma mpaka darasa la nane. Mwaka 1971 alikwenda Mpwapwa kusomea mifugo, akarudi na cheti na kofia ya kaki ambayo hakuivua mpaka ilipochanika yenyewe.

Aliajiriwa kuwa bwana mifugo mwaka 1973. Sehemu kubwa ya kazi yake aliifanyia Mabira, kwenye josho la kuogeshea ng'ombe, mpaka alipostaafu mwaka 2010 na kuhamia hapa Songambele. Wafugaji wa Mabira walimwita usiku na mchana ng'ombe akishindwa kuzaa. Alikuwa anakwenda akinung'unika njia nzima, lakini alikuwa anakwenda.

Alimuoa marehemu wifi yangu Evaresta, binti wa mfanyabiashara wa Muleba, tarehe 20 Agosti 1977, kanisani, kwa ndoa takatifu. Wakati huo alikuwa bado anasali. Aliacha lini, hakuna anayejua. Niliwahi kumuuliza, "Kaka, nani alikukosea huko kanisani?" Akanijibu, "Hakuna aliyenikosea. Siku moja niliona ninaongea peke yangu, nikanyamaza." Basi, ndiyo hivyo. Hakutukana dini ya mtu. Kila Jumapili alimpakia mkewe kwenye baiskeli mpaka kanisani, akakaa nje kumsubiri, na waumini wakamwachia baiskeli zao awalindie. Padri mmoja alimtania, "Elpidius, wewe unafika hapa kuliko wenye kadi za jumuiya." Hayo mlikuwa mnayacheka wote. Hamkuwa na shida na mtu asiyesali, maadam anawalindia baiskeli.

Shida ilianza mwaka 2017. Mjukuu wake Kyarimpa, mtoto wa mwanawe Pastory, alikuwa darasa la nne hapa Songambele, akilelewa na babu na bibi. Asubuhi moja mstarini, bendera ikipandishwa, mwalimu wa zamu aliona mtoto anaimba wimbo wa taifa lakini yakifika maneno ya kumwomba Mungu anafunga mdomo. Alipoulizwa, alisema, "Mimi siombi. Kama babu." Alichapwa viboko vitatu mbele ya wenzake, akarudishwa nyumbani amlete mzazi.

Kaka alikwenda. Nilikuwa nimekuja kuwasalimia wiki ile, tukafuatana.

Mwalimu Mkuu alitupokea vizuri. "Shikamoo mzee wangu. Naomba uelewe, wimbo huu si wa kanisa, ni wa taifa."

"Marahaba. Ndiyo maana nimekuja kwako, sikwenda kwa padri."

"Basi aimbe tu na wenzake. Maneno hayaumi."

"Kama hayaumi, mbona amechapwa kwa kuyaacha?"

Mwalimu Mkuu akatazama kalenda ukutani. Kaka akaendelea, taratibu, kama anavyoongea na ng'ombe mwenye hofu. "Mwanangu, mtoto huyu atasimama wima, mikono ubavuni. Bendera ataiheshimu kuliko wale wanaosinzia pale nyuma. Nchi yake ataipenda. Ila mkimlazimisha kuomba asichokiamini, mnamfundisha kusema uongo mbele ya bendera. Mungu kama yupo, hapendi. Kama hayupo, mnachosha watoto."

Suala likapelekwa kwenye mkutano wa wazazi. Mama mmoja alipiga kelele, "Leo anakataa Mungu, kesho atakataa kusema shikamoo!" Mwingine akadakia, "Mvua ikikosekana msitafute mchawi, mnaye!" Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Kaka alisimama katikati, mikono nyuma, akasubiri wamalize. Kisha akarudia lile lile moja alilolitaka: mtoto asichapwe kwa kunyamaza. Mwalimu Mkuu, nampa haki yake, aliamua kwamba mtoto asimame kwa heshima, na fimbo iwekwe chini. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mpaka Kyarimpa alipomaliza darasa la saba.

Kumbe kijiji kilikuwa na fimbo nyingine. Kwenye kikundi cha kuzikana, mwenyekiti Kaijage, ambaye leo amekaa mstari wa mbele, alisema, "Asiyemtaka Mungu wetu asiyatake na majembe yetu." Nyumba ya Elpidius ikaondolewa kikundini. Evaresta alikuwa Mkatoliki kuliko mimi, na hakuna msiba wa hapa ambao hakumenya ndizi. Naye aliondolewa.

Evaresta alifariki tarehe 12 Aprili 2019 kwa shinikizo la damu. Mnajua mila yetu: kijiji kikiwa na maiti, hakuna anayekwenda shamba. Asubuhi ile nilisikia majembe kila upande, kwenye maharage. Hakuna hata moja lililokuja kwenye kaburi. Ukoo wetu nao uliingia jioni, mmoja mmoja, wakitazama nyuma kama kuna aliyewaona.

Waliokuja ni wafugaji kutoka Mabira, wanane, na Sebahire akiwatangulia. Alimwambia kaka, "Mzee, sisi fimbo tunaijua, jembe hatulijui. Mtuvumilie." Walichimba mpaka viganja vikatoka malengelenge, na kaburi likapinda. Wakasali rozari kwa ajili ya Evaresta, kaka akasimama kofia mkononi mpaka mwisho. Baadaye Pastory alitaka kulijengea alinyooshe. Kaka akamkatalia. "Liache. Limechimbwa na waliokuja."

Tangu hapo hakuwa tena yule tuliyemjua. Aliniambia, "Joviness, nilimtetea mjukuu, nikasababisha mke wangu akose wa kumzika." Aliona aibu yeye, na sisi wenye aibu yetu tukamwachia aibebe.

Mwezi Desemba 2024 aliugua tezi dume. Alilazwa hospitali ya wilaya, akarudishwa nyumbani, akauguzwa na Kyarimpa. Katekista wa hapa kijijini alipokuja kumsalimu, alimwambia, "Karibu, kaa, tuongee habari za ng'ombe," wakaongea vizuri wakacheka. Alitusihi jambo moja tu: "Msinisemee nisichosema." Alifariki tarehe 6 Juni 2025, alfajiri, nikiwa nimemshika mkono.

Sasa lisikilizeni hili. Jana tukiandika wasifu huu, kaka yetu mkubwa Rogasian alisema, "Andika kwamba alipakwa mafuta matakatifu."

Nikamuuliza, "Alipakwa na nani?"

"Wewe andika tu. Nani atakwenda kuuliza? Tutapata misa, na ukoo utapona aibu."

Kyarimpa alikuwa mlangoni na sufuria ya maji. Akatutazama, akasema, "Kumbe na nyinyi wazee bado mko mstarini." Akaweka maji chini, akatoka. Nimezaa, nimelea, nimegombana na wanaume sokoni, lakini sijawahi kukosa pa kuweka macho yangu kama jana.

Kwa hiyo katika karatasi mliyoshika hakuna mafuta, kwa sababu hayakuwepo. Misa haipo. Padri amekuja kama jirani, amekaa chini kwenye majani na waombolezaji wengine, tunamshukuru. Aliyekuja kwa ajili ya misa tu, njia ni ile ile aliyojia.

Marehemu ameacha mtoto mmoja, Pastory, aliyeko Mwanza. Wajukuu wanne, akiwemo Kyarimpa. Ndugu wawili, Rogasian na mimi. Na wafugaji wa Mabira, ambao nimewaandika hapa kwenye ukoo na sitawafuta.

Mwenye sala asali kwa kinywa chake na kwa jina lake, asimsemee Elpidius.

Kaka, pumzika. Amani tulikuwa nayo mikononi ulipoihitaji, tukakunyima. Tunakutakia leo, tukiwa tumeinamisha nyuso.