Lebo Mia Mbili na Kumi na Mbili za Kaka Yetu

Ndugu waombolezaji, majirani, walimu wenzake na wanafunzi wake, poleni na msiba, na asanteni kwa kuja. Wasifu uliomo kwenye vijitabu mlivyogawiwa mlangoni niliuandika mimi, na tarehe zake zote ni sahihi. Ila kuna mwaka mmoja niliuruka, kama mtu anavyoruka dimbwi akiwa na viatu vipya. Jana alasiri nilikaa nikauandika upya, na huu ndio nitakaowasomea. Una jambo ambalo mama yetu, aliyekaa hapo safu ya mbele, hajawahi kulisikia. Mimi ni mdogo wake marehemu, yule fundi cherehani. Nikikwama katikati naomba mnivumilie, msinipokee karatasi.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 9 Machi 1966, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Alikuwa mtoto wa kwanza wa baba yetu, karani wa mizigo pale stesheni, na mama yetu, mpishi wa shule. Mimi nilifuata miaka sita baadaye, na tukawa wawili tu. Tangu utotoni kaka alikuwa na mifuko iliyojaa viumbe. Mama alikuwa hafui kaptula yake kabla ya kuikung'uta, kwa sababu siku moja alitoka jongoo mzima akaelea katikati ya povu, na mama akaliacha beseni pale pale akaenda kukaa kwa jirani. Kaka alilia siku ile, si kwa kuchapwa, bali kwa sababu jongoo alikunywa sabuni.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1973 hadi 1979, na sekondari kuanzia 1980 hadi 1986. Alifaulu vizuri mno, na hapo ndipo matatizo yalipoanza, maana baba alishawatangazia wenzake wote kazini kwamba mwanawe anakwenda kuwa daktari wa binadamu. Barua ya chuo kikuu ilipofika mwaka 1988, ilikuwa ya shahada ya kwanza ya zoolojia, yaani elimu ya wanyama, na kaka mwenyewe ndiye aliyeiomba. Baba aliisoma mara mbili, akavua miwani, akauliza kama kweli mtu mzima anasoma miaka mitatu ili aje kumwambia ng'ombe ana miguu mingapi. Tangu siku hiyo akamwita Profesa wa Mende.

Nami nilimwonea aibu kaka yangu. Nasema waziwazi, maana leo sina pa kujificha. Pale chuo cha ushonaji nilipokuwa najifunza kazi, niliwaambia wasichana wenzangu kwamba anasomea udaktari. Waliponiuliza udaktari wa nini, nikasema wa watoto. Yeye alikuwa akirudi likizo na habari zake, macho yamemtoka kwa furaha, akitueleza jinsi walivyopasua chura na kuona moyo unavyogawanyika, au kwa nini mjusi wa ukutani haanguki. Mama alikuwa akisikiliza huku anachambua mchele, na swali lake lilikuwa lile lile kila mara: je, anauma? Mimi nilikuwa nainuka nafunga dirisha, majirani wasisikie.

Sasa nafika kwenye mwaka nilioruka.

Katika mwaka wa tatu kila mwanafunzi wa zoolojia alitakiwa kukusanya wadudu, kuwachoma pini na kuwapanga kwenye boksi la mbao lenye kifuniko cha kioo. Chini ya kila mdudu, kwenye pini hiyo hiyo, kilikaa kikaratasi chenye ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, kimeandikwa namba, mahali alipokamatwa, tarehe, na aliyemkamata. Hiyo ndiyo lebo. Mdudu asiye na lebo, hata awe mzuri vipi, kwa wasomi wale ni takataka, kwa sababu hakuna ajuaye alikuwa wapi wala lini. Kaka alikusanya kwa miezi minane. Alipata wadudu mia mbili na kumi na wawili, akaandika lebo mia mbili na kumi na mbili kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko mdogo kama punje za ufuta. Bwenini kulikuwa na sisimizi waliokula mikusanyo ya watu, kwa hiyo boksi lake alilileta nyumbani, akaliweka juu ya kabati la sebuleni, akatuomba tusiliguse. Alitakiwa kulikabidhi Jumatatu, tarehe 6 Mei 1991.

Jumamosi ya tarehe 4, wazazi wa mchumba wangu walikuwa wanakuja nyumbani kwa mara ya kwanza. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mama alifuta vumbi sebuleni, akaenda sokoni. Nikabaki nalitazama lile boksi. Nilijiambia wageni wataona mende juu ya kabati, watauliza, na baba ataanza vichekesho vyake. Kulificha nisingeweza, chumbani hapakuwa na nafasi hata ya kuweka kiatu. Basi nikaona nilipendezeshe, liwe pambo. Katika kazi yetu ya ushonaji, karatasi iliyobanwa kwa pini kwenye kitambaa ni ya fundi; inaonyesha kwamba kazi haijaisha. Mteja hatakiwi kuiona. Nikachukua mkasi wangu mdogo wa kukatia nyuzi, nikafungua kioo, nikazikata lebo zote kwenye pini, moja baada ya nyingine. Ilinichukua saa mbili. Mkono wangu ulikuwa mwepesi. Sikuvunja hata mguu mmoja wa panzi. Vikaratasi nikavikusanya nikavitia jikoni kwenye moto, na chai ya wageni ikachemkia hapo hapo. Mama wa mchumba wangu alilisifu boksi. Nilivimba kichwa. Na uchumba wenyewe, ndugu zangu, haukufika Desemba.

Kaka alikuja Jumapili kuchukua kazi yake. Alilishusha boksi, akalitazama, akakaa nalo sakafuni. Aliuliza nani ameligusa. Baba akasema, nani aguse mende wako. Mama alikuwa amesimama mlangoni na taulo mkononi. Nilipoona uso wa kaka ndipo nilipojua kwamba vile vikaratasi havikuwa vya fundi. Nami nikasema, "Labda ni panya."

Alinitazama. Kisha akafunga kifuniko, akalibeba boksi, akaenda kuwahi basi.

Mwenzake wa chumba, ambaye leo ni mfamasia na yupo hapa, ndiye aliyenisimulia yaliyofuata, bila kujua anamsimulia nani. Kaka alikuwa na daftari lake lenye namba zote, lakini lebo zikiondoka hujui tena namba themanini na saba ni yupi kati ya mbawakawa sita wanaofanana. Alikesha akafanikiwa kuwatambua sitini na wanne, wale waliokuwa peke yao wa aina yao. Wakabaki mia moja arobaini na wanane. Mfamasia akamshauri aandike tu, ajaze mahali popote, nani atajua? Kaka akamjibu, "Siwezi kumsingizia mdudu mahali ambapo hakuwahi kufika." Alikabidhi boksi hivyo hivyo. Mhadhiri alimuuliza kilichotokea, akasema ni uzembe wake mwenyewe. Alifeli somo, akarudia mwaka mzima. Mwaka ule jumba la makumbusho lilikuwa linatafuta mtu mmoja wa kutunza mikusanyo ya wadudu, na wahadhiri walishamtaja yeye. Nafasi ilichukuliwa Julai na mwenzake, na haikutangazwa tena.

Alihitimu Novemba 1992. Baba hakwenda, alisema sherehe ya aliyerudia darasa haimhusu. Mimi nilikwenda, nikapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Nilikusudia kumwambia siku ile. Nikasema kesho. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa na urefu wa miaka thelathini na mitatu.

Januari 1993 aliajiriwa kufundisha baiolojia katika sekondari ya wasichana, na hapo alikaa mpaka afya ilipomshinda mwaka 2022. Wanafunzi wake mlimwita Mwalimu Lebo, nami nikisikia jina hilo nilikuwa nabadilisha mazungumzo. Kwenye maabara yake kila kitu kilikuwa na kikaratasi, hata ufagio: namba, mahali, tarehe. Najua pia kwamba kila mwaka aliwapa kitendawili kuhusu panya aliyekula karatasi zote akaacha panzi wote, mtaje ni panya wa aina gani. Mlikuwa mnacheka. Hata mimi nilikuwa nacheka alipokisema mezani kwake.

Alifunga ndoa tarehe 16 Desemba 1995 na shemeji yetu, muuguzi, mwanamke ambaye hakuwahi kumwonea aibu. Walipokuwa wachumba alimpeleka kwenye bwawa kutazama kereng'ende wakitaga mayai, na shemeji anasema alijua hapo hapo kwamba mtu huyu hatamdanganya. Gauni la harusi nililishona mimi, wiki tatu, shanga kwa shanga, nikajidanganya kwamba nimefuta kosa. Walijaliwa mabinti wawili.

Baba alifariki tarehe 2 Agosti 2003. Siku zake za mwisho aliniambia kwamba kijana yule angekuwa mtu mkubwa kama si uvivu. Nilikuwa nimeshika glasi, namnywesha maji. Nilingoja amalize kumeza, nikamfuta mdomo, nikanyamaza. Baba alizikwa akiamini hivyo. Hilo sina namna ya kulirekebisha, na sitaki mtu aniambie kwamba si kitu.

Marehemu alianza kuugua figo mwaka 2021, na kuanzia Februari 2022 akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Hakulalamika. Alijua majina ya wauguzi wote na ya buibui wote wa dirishani, na alimkataza mfagiaji kuwagusa.

Ijumaa ya tarehe 3 Mei mwaka huu, mama alipokwenda kumwona, alimshika mkono akamwomba msamaha. Nilikuwepo, nimesimama upande wa pili wa kitanda. Mama alisema miaka yote hii anajua kwamba ni yeye aliyeharibu zile karatasi siku ile alipofuta vumbi, kwamba labda kitambaa kilikuwa kibichi, kwamba aliogopa kusema mbele ya baba, na kila alipomwona mwanawe anakwenda kufundisha alikuwa anajilaumu. Kaka akamwambia, "Si wewe, mama." Mama akadhani anabembelezwa. Alilia, akambusu kwenye paji la uso, akatoka kwenda kunawa.

Tukabaki wawili. Mimi aliniita Sindano tangu nilipoanza ushonaji. Alisema, "Sindano, panya hana mkasi."

Alisema aliona ncha za karatasi zilizobaki kwenye pini, zimekatwa sawasawa, kazi ya fundi. Alijua tangu Jumapili ile. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu kwamba alikuwa ananisubiri niseme mimi, na alisubiri mpaka akazoea. Sikuweza hata kusema samahani. Nilishika chuma cha kitanda. Hakunifokea, lakini msije mkadhani alicheka. Alisema, "Mimi nimeshapita hapo. Lakini mama amebeba mzigo wako. Mwambie." Nikasema, kesho.

Aliishi siku kumi na moja zaidi. Kila nilipoingia wodini alinitazama usoni, nami nikainamisha macho, na alielewa. Alifariki Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, mke wake akiwa amemshika mkono. Hata msiba ulipoanza bado sikusema. Siku nne nimekaa na mama kwenye mkeka mmoja, nampa maji, namfunika shuka, naye ananiambia, "Mwanangu, amekwenda na kinyongo juu yangu kwa lile vumbi," na mimi nasema, "Nyamaza mama, pumzika."

Marehemu ameacha mama, mke, mabinti wawili, mjukuu mmoja, na mdogo wake wa kike.

Mama, kile kitambaa chako hakikugusa chochote. Lebo nilizitoa mimi ulipokuwa sokoni, nikazichoma, na nilipoulizwa nikasingizia panya. Kaka hakuwa mvivu, wala wewe hukumkosea mwanao hata siku moja. Nisamehe ukiweza. Ukishindwa nitaelewa, nami nitaendelea kuja kila asubuhi.

Kaka, nimemwambia. Sasa upumzike kwa amani.