Wimbo wa Jumamosi wa Gervas Kaijage

Ndugu waombolezaji, familia imeagiza historia hii isomwe haraka, kwa kuwa leo ni Ijumaa, tarehe 16 Desemba 1988, na jua la Stockholm halina adabu ya kumsubiri mtu, sababu mtaisikia.

Gervas Kaijage alizaliwa tarehe 9 Aprili 1938 huko Kamachumu, Bukoba, akasoma hapo hapo, ingawa walimu wake wangewaambia kwamba alichosoma kwa moyo ni banjo ya mjomba wake, akaja Sweden mwaka 1967 kujifunza ufundi, akafunga ndoa na Dafrosa tarehe 6 Juni 1970, wakajaliwa Theresia na Matia, wakahamia Märsta, naye akasafisha ndege pale uwanja wa ndege wa Arlanda, akitamba kuwa rubani haruki mpaka Gervas aseme sakafu imekauka.

Mwaka 1987 Mzee Mendel wa Spånga, Myahudi aliyekuwa fundi wa kushona sare za wasafishaji wa ndege, alimwomba ajifunze wimbo mmoja wa Kiyidi, lugha ya mama yake, aupige kwenye harusi ya binti yake Rakel, maana katika ukoo mzima aliyebaki nao kichwani ni yeye peke yake, na Gervas, mdomo ukitangulia akili kama kawaida, akaahidi.

Siku yake ya mapumziko ilikuwa Jumamosi, basi akatokea mlangoni na banjo begani, kumbe ni Sabato, ala haiguswi, mzee akataka kuzimia, ikabidi banjo ilazwe kwenye viatu, Mendel aimbe, Gervas afuatishe kwa mdomo, kisha apande treni midomo kaibana, salamu hajibu, asije akaudondosha wimbo njiani, hata Dafrosa akadhani amenuna, kumbe anangoja Jumapili autafute kwenye nyuzi.

Mei 1988 vidole vya mkono wa kushoto vilianza kulegea, ikagundulika ana uvimbe kwenye ubongo, daktari akamtaka alazwe, yeye akaomba harusi ipite kwanza, Dafrosa akamuuliza kwa ukali kama harusi ya watu ndiyo itakayomzika.

Tarehe 28 Agosti, harusini, alipiga ubeti wa kwanza, wa pili vidole vikagoma, bibi harusi akashika mdomo, Dafrosa akafumba macho, ndipo Gervas akaiweka banjo chini akauimba kama alivyofundishwa siku za Sabato, Mendel akaudaka, na watu wakacheza.

Alifariki Jumapili, tarehe 4 Desemba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Märsta, wenzake wa Arlanda, na Mzee Mendel, aliyeko mbele hapa, ambaye lazima awe nyumbani kabla jua halijazama, maana Sabato huanza Ijumaa jua likizama, kwa hiyo Theresia, aliyezoea kumjibu baba yake kwa Kiswidi ila wimbo huu, baba alipomfundisha kwenye banjo, akaupokea bila kujibu, shika banjo, mwanangu, upige mpaka mwisho.

Nawe Gervas, pumzika kwa amani, ubeti wa pili umepata vidole.