Mteja wa Kwanza wa Kenga

Sogeeni, wanangu Kenga na Nyevu, mkae hapa miguuni pangu nipate kuwaona bila kugeuza shingo, na wewe Margret mke wangu acha kuosha hayo masufuria, yatakuwepo hata kesho; na nyinyi wengine mnaojipangusa midomo, Randu ndugu yangu, Hamdun rafiki yangu, Mzee Tsofa na majirani wote mliokuja kula, msiondoke bado, kwa kuwa nimewashibisha makusudi. Mngekuwa na njaa mngesikiliza chungu, si mimi. Naam, huu ni wosia, msinitolee macho. Miguu imevimba, kifua kinalia kama mlango mbovu, na daktari alipomaliza kunipima alinipigapiga begani kwa upole mno, nikajua. Mimi silii. Nimeishi, nimecheka, na leo nimekula mbuzi.

Nianze na mali, maana si nyingi na itaisha upesi. Nyumba hii ni ya Margret mpaka siku yake, na asije mtu kumwambia ahamie upenuni. Kuku ni wa Nyevu, pamoja na yule jogoo mkorofi, ambaye nampa Nyevu kwa sababu jogoo yule hamwogopi mtu mwingine. Kisu changu cha kugemea tembo nakupa wewe Kenga, lakini kitundike ukutani, usipande nacho mnazi hata mmoja. Deni ninalo moja: kibuyu nilichoazima kwa Mzee Tsofa tangu kabla ya vita, kipo chini ya kitanda hiki, naye tangu afike amekuwa akikitupia jicho. Mpeni, roho yake itulie.

Sasa liko jambo moja ambalo si mali yangu, na ndilo lililonikalisha kitako leo. Kenga amerudi kutoka Burma, na amerudi na akiba. Wenzake walimaliza mishahara kwa bia na saa zisizotembea, yeye aliweka kidogo kidogo mwezi hata mwezi, akaongeza na kiinua mgongo walichompa siku ya kumvua sare. Si utajiri, lakini kwa kijana asiye na mke wala shamba ni mwanzo mzuri. Na mimi babake nimelala hapa nikiiogopea akiba hiyo kuliko ninavyokiogopa kifo, kwa sababu nawajua wanaoitaka, na tena ni watu wanaonipenda.

Juzi mchana nilikuwa nimefumba macho. Mtu akiugua, watu hudhani na masikio yameugua. Nikamsikia Randu nyuma ya ukuta wa makuti akimwambia Kenga, "Mwanangu, baba yako hatazikwa kama kuku. Wewe una pesa za jeshi. Tutachinja fahali, tutaita ngoma kutoka Rabai, watu waje matangani wale hanga mpaka wasahau njia ya kwao." Na wewe Kenga ukajibu, "Sawa, baba mdogo." Nakujua ile "sawa" yako. Uliisema ulipokuwa mdogo ukitumwa maji ukiwa na homa, uliisema walipokuja kuwaandikisha jeshi, na Mungu asiponipa nguvu ya kusema leo utaisema tena juu ya kaburi langu, kisha utabaki na mifupa ya fahali.

Randu, usinune, nakupenda. Lakini sikiliza nikukumbushe, maana wewe ulikuwa mdogo na ulichoona ni ngoma tu. Baba yetu alipofariki mimi nilikuwa kijana kama Kenga, nabeba makaa ya mawe Kilindini, na nilikuwa nimeweka akiba ninunue mkokoteni. Nilikuwa nimeshauchagua, wanangu! Ulikuwa wa rangi ya kijani, kwa fundi mmoja huko huko kisiwani, na kila Jumamosi nikitoka kazini nilipita kuushika magurudumu tu, mpaka yule fundi akawa ananisalimu, "Karibu, bwana harusi." Ningebeba nazi za Kisauni nzima. Baba akafa, wazee wakanizunguka, wakasema mtoto wa kwanza hawezi kumwaibisha mzazi. Akiba ikaliwa kwenye hanga la kwanza, siku zile za mazishi. Halafu likaja hanga la pili, lile la kumwondoa marehemu nyumbani, na sina hata senti, basi tukaweka rehani minazi ya baba kwa babake Hamdun. Mnajua hapa kwetu ardhi inaweza kuwa ya mtu na minazi iliyosimama juu yake ikawa ya mwingine. Sisi ardhi hatukuwa nayo, minazi ndiyo iliyokuwa yetu, na ikaenda. Watu walinisifu sana. Nilisifiwa mpaka ng'ombe wakaisha. Wakaondoka, nikabaki na mama tunafagia uwanja, na mwezi uliofuata nikapanda minazi ile ile ya baba yangu kama kibarua, nikimgemea mwenye rehani. Nimeipanda mpaka magoti yakakataa. Sikumchukia mtu, ila mkokoteni ule ninauota hata leo, na uchungu wake haujaisha.

Na sasa kichekesho. Jana Hamdun alikuja kunijulia hali, akafunga mlango, akasema, "Wallahi Katana, mwanao amekuja dukani kuuliza ile minazi inakombolewa kwa kiasi gani. Anataka kukufurahisha kabla hujaondoka." Nilicheka mpaka Margret akaja mbio na maji. Kenga, mwanangu mwema, ile minazi imezeeka kunishinda! Imerefuka hadi kunguru wanapumzika katikati ya safari, na nazi zake ni kama ngumi ya mtoto. Hamdun mwenyewe angefurahi kuiachia, ila ni mwaminifu, akaja kunong'ona. Ungenunua huzuni yangu kwa jasho lako. Sitaki. Ukiikomboa nitafufuka nikuchape.

Lakini mimi pia nimekuwa nikikuchungulia. Nimeona jinsi unavyomshonea mamako leso iliyochanika, jinsi unavyolala na ile sindano ya jeshi kofiani. Ulituambia kwa haraka, kana kwamba ni aibu, kuwa huko Burma uliwekwa kwa fundi wa kikosi kutengeneza sare. Gauni ulilomshonea Nyevu kwa mkono limemfanya aende kanisani kabla ya kengele, apate kuonwa na kila anayeingia. Ukishona unapiga mluzi, na nyumba hii haijasikia mluzi siku nyingi. Nikaona nisikusemee, maana pesa ni zako na kinywa ni chako. Ila kwanza ilibidi nikuondolee mzigo uliokufunga kinywa.

Basi nyote sikilizeni. Mliitwa leo kula mbuzi wa kumpokea Kenga. Nilimwomba Hamdun achinje kwa mkono wake, amtaje Mungu kama dini yake itakavyo, asipatikane wa kusema yeye hakula. Randu, wewe ulipewa paja. Tsofa, ulirudia mchuzi. Hakuna aliyekosa, Margret aliniapia. Mbuzi yule alikuwa wangu, wa mwisho, hakununuliwa kwa pesa ya Kenga. Na karamu ile haikuwa ya kumpokea mtu. Lilikuwa hanga langu.

Unasemaje, Randu? Hanga la mtu aliye hai halijapata kuonekana? Leo umeliona, tena umelila, na mfupa bado uko mkononi mwako. Ni la kwanza na la pili, yote kwa pamoja, yamekwisha. Siku nikifa mtaniimbia, mtanizika, mtakunywa uji, kila mtu aende kazini kwake. Atakayemdai Kenga fahali atakuwa anadai kulishwa mara mbili, na nyinyi nyote ni mashahidi. Hamdun anacheka. Mwacheni acheke. Hata wewe Randu unacheka, nakuona, mfupa hauwezi kukificha kicheko.

Nipeni maji kidogo. Asante, Nyevu.

Sasa, Kenga. Hakuna fahali, hakuna minazi, hakuna baba wa kufurahishwa. Akiba yako unataka kuifanyia nini? Usiniangalie mimi wala baba yako mdogo. Kama ni baiskeli, sema baiskeli. Kama hujui, sema hujui, pesa haziozi, zitakusubiri mpaka ujue... Sema kwa sauti, mzee hapa sikio moja limeziba.

Cherehani. Mmesikia? Amesema cherehani, na hakusema sawa.

Basi nunua, mwanangu. Hamdun ameniambia baraza ya duka lake ina nafasi upande wa kivuli, keti hapo. Usiimalize akiba yote kwenye chuma. Bakisha ya uzi na vifungo, bakisha na ya kula, kwa sababu watu watapita wakikutazama kwanza kabla ya kuleta nguo. Mfundishe Nyevu, ana mkono mwepesi kuliko wako. Na jamaa usiwashonee bure. Watakuja na vitambaa vyao, watakuita mwanangu, mjukuu wangu, watakwambia utalipwa mbinguni. Cheka nao, kisha watoe pesa. Hata Randu alipe kola yake.

Sauti inanikimbia... nifupishe. Randu, nipe mkono. Ugomvi wetu nauacha hapa, kwenye mifupa. Watunze hawa. Margret, umenivumilia vizuri, nenda ukapumzike. Nyevu, uolewe na mtu anayecheka. Kenga... Mungu akupe macho mazuri mpaka uzeeni, mkono usitetemeke, na kila unachoshona kimkae mwenyewe. Na wanao wasikuogope.

Bado moja. Njoo karibu. Pindo la shuka yangu hapa lina fundo, lifungue, vidole vyangu vimechoka. Umeipata? Hiyo ni shilingi yangu, haijatoka kwa mtu. Usinirudishie. Nimesema jamaa wasishonewe bure, na mimi ni jamaa. Nataka shati la kuzikiwa, jeupe, lenye mfuko kifuani na vifungo vya kweli, maana tangu nizaliwe sijawahi kuvaa nguo iliyokatwa kwa mwili wangu mwenyewe. Usilipue kwa haraka. Nitajitahidi kukusubiri.

Leta kile kipande cha kamba. Nipime sasa, fundi, nikiwa bado naweza kuinua mikono.