Skonzi ya Sita

Basi la kurudi mjini Pickering lilijaa watu waliotoka kwenye maonyesho ya kijiji. Winifred, jaji wa vyakula, alikaa nyuma ya wanawake wawili waliokuwa wakimsema bila kumjua, maana washindani hawaingii kwenye hema la majaji.

"Huyo jaji ana roho ngumu," alisema mwenye kofia. "Jemu ya dada yangu kaiondoa mashindanoni eti kifuniko kina jina la duka."

Winifred alikikumbuka kifuniko hicho. Mwaka jana aliiondoa jemu ya mumewe mwenyewe kwa kosa hilohilo, na mzee akamnunia hadi Krismasi.

"Mimi mwaka jana nilipeleka skonzi sita," alisema mwenzake, Thelma, sahani mapajani. "Sheria inasema tano. Akaniondoa, nikalia njia nzima. Leo nimepeleka tano, kanipa nafasi ya kwanza." Akainua kadi nyekundu ya mshindi wa kwanza. "Angekuwa mtu wa kubembelezeka, mwenzangu, kadi hii isingekuwa na thamani, ningewashia moto jikoni."

"Roho mbaya tu hiyo."

Thelma aligeuka, akamnyooshea Winifred sahani. "Onja, mama, za mshindi hizi."

Winifred alikuwa amezionja asubuhi kwa ncha ya kisu, na mate yalikuwa yakimtoka tangu hapo.

"Asante, siwezi," alisema. "Sipokei kitu kwa mshindani."

Wanawake wakatazamana. Basi likasimama, Winifred akashuka, mgongo umenyooka kama rula.

"Si nilikwambia?" alimsikia mwenye kofia.

"Na mimi je," alijibu Thelma, "si nilikwambia?"