Mkwe wa Bondeni

Sogeeni, wanangu, sauti yangu haifiki mbali tena. Djamila, funga mlango, lakini kwanza tazama nani amesimama barazani, maana tangu nilipoanguka nyumba hii imejaa watu wanaonipa pole huku macho yao yanapima kuta. Uji huo uweke chini. Nitaunywa ukishauonja wewe, wala usinune. Mgonjwa mwenye shamba la dhahabu hanywi kitu kwa kuaminiana tu.

Mimi Alimasi, mtoto wa wafanyabiashara wa Maniema, nilifika Kamina na furushi la vitenge, nikaoa kwa Waluba wa hapa, nikalima mihogo bondeni. Siku shemeji yangu Masengo, mjomba wenu, alipochimba mfereji akatoka na mchanga unaong'aa, mama yenu Kabedi, Mungu amrehemu, alitukataza kuitaja dhahabu kwa jina lake. Alisema tuiite mkwe, kwa sababu kwa watu wake mkwe humtazami usoni, huli naye sahani moja, na ukimzoea atakuaibisha. Tukaishi hivyo. Mkwe amelala, mkwe ametutumia kitu, mkwe amekasirika leo msishuke. Neno hilo halikutoka nje ya nyumba hii, na majirani waliolisikia kwa mbali walidhani Djamila amechumbiwa.

Kisha mvua zilipokolea akaja yule negosyan, mnunuzi wa dhahabu, na vijana wake wenye bunduki. Akaketi pale dukani, akakataa chai yangu, akaniuliza akitabasamu, "Mzee, ule muko wenu wa mu bonde, iko muzima?" Nikamjibu kwamba sina mkwe, binti yangu hajaolewa. Akacheka. Haikupita muda, Masengo akakutwa amekufa chini ya shimo, kamba imekatwa kwa kisu, na watu wakasema imeoza.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimelala hapa nikiwageuza akilini mmoja mmoja kama mtu anayetafuta kiroboto kwenye blanketi. Nilimshuku Dunia kwa ajili ya pikipiki mpya, nikamshuku Djamila kwa ile simu anayokwenda kuiongelea uani, nikamshuku hata marehemu Masengo, Mungu anisamehe. Mwisho sikio langu likanirudisha kwenye neno lenyewe. Djamila, wewe husema mukwe. Dunia, nawe husema mukwe, kwa Kiswahili chetu, maana mama yenu alikufa mkiwa wadogo. Aliyepata kukulia mgongoni mwake, akanywa Kiluba pamoja na maziwa, ni mmoja tu, naye hadi leo husema muko. Mjomba wenu naye alisema hivyo, lakini yeye ndiye aliyekatiwa kamba. Na yule mnunuzi, ambaye hata kusalimia kwa Kiluba hajui, alisema muko.

Usiinuke, Ismaeli. Keti. Dunia, mwachie kaka yako mkono.

Sisemi ulimuua mjomba wako. Ulitaka kuitwa patron, bosi wa watu, ukadhani unauza neno tu, ukadhani mwenye bunduki akishaonyeshwa njia atarudi kuomba ruhusa ya kupita. Nimekukasirikia mpaka kifua kimeshindwa kubeba, na bado nakupenda, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Sasa shikeni maneno. Nyumba hii ya karibu na stesheni ni ya Djamila, asije ndugu akamtoa. Duka ni la Dunia. Shamba la bondeni ni la Ismaeli. Ndiyo, ni lake, msinikatize, pumzi inakwisha. Ila mtanizika humo humo, ndani ya shimo. Sheikh atanung'unika, mwambieni kaburi limekwisha kuchimbwa, na pale lilipopinda kumfuata mkwe ndipo mwanandani wangu. Nielekezeni kibla, mfukie mpaka juu, mpande mihogo pembeni. Kule Sanga, ziwani, wageni waliwachimbua wazee wa kale waliolala na shaba zao, na hakukuwa na mtoto wa kuwasemea. Mimi nina watoto. Anayeitaka ile dhahabu, awe mwanangu au mgeni, anitoe mimi kwanza, kwa mikono yake, na anitazame usoni.

Maji. Onja kwanza, Djamila. Haya.

Atakayenipokea kule chini ni Ismaeli, maana mtoto mkubwa ndiye anayeingia kaburini kwa baba yake. Shimo ni refu, atashuka kwa kamba. Na kamba, Dunia, utaishika wewe. Naona unavyomtazama. Najua Masengo alikuwa nani kwako, alikubeba mabegani mpaka ukawa mzito. Kwa hiyo nisikie vizuri, mwanangu. Ismaeli akishanilaza, atatingisha kamba. Nawe utamvuta. Hutafikiri kitu, hutamuuliza kitu akiwa kule chini, utamvuta tu.

Mungu awahifadhi. Awape riziki mnayoweza kuitaja mbele ya watu. Awaweke... awaweke pamoja.

Dunia. Uko wapi, nipe mkono. Sema utampandisha. Sema kwa nguvu, sisikii... sema tena.