Fundi wa Lifti Asiyejua Kusali

Mshonaji alijifanya amelala, maana ndani ya treni hakuna njia nzuri zaidi ya kusikiliza maneno ya watu. Mbele yake alikaa fundi wa lifti, na kando ya fundi, mkunga mmoja mtu mzima. Hawakuwa wakijuana, lakini fundi alikuwa ameshamweleza kwamba dada yake anapasuliwa moyo asubuhi hiyo.

"Ameniomba nimwombee," alisema. "Na mimi, mama, mambo ya dini niliyaacha zamani. Nikipiga magoti leo, si nitakuwa namdanganya?"

"Kwani mkiwa pamoja huwa mnafanya nini?"

"Namwimbia vibaya makusudi, anacheka mpaka anashika mbavu."

"Basi kamwimbie."

"Huko si kusali, mama!"

"Mimi nasali kila siku, mwanangu. Nimezalisha wanawake wanaoimba na wanaotukana, na sijaona mbingu ikiwabagua."

"Hiyo mbingu ndiyo nisiyoiamini."

"Nimesikia. Sauti unayo?"

Mshonaji alisahau kwamba amelala, akacheka. Fundi naye akacheka, kisha akafuta macho.

Treni ikasimama kwenye kituo cha hospitali. Fundi hakuinuka. Mkunga, ambaye kituo chake kilikuwa bado mbele, akamshika mkono wakashuka pamoja.

"Lakini siamini, mama," fundi alisisitiza.

"Utanieleza njiani. Ukianza kuimba, mimi nitaitikia."

Mlango ulijifunga kabla mshonaji hajasikia jibu.