Aliyeipima Sayari Bila Kuikanyaga, na Ndugu Aliyempasua Kichwa

Kaka yake hatoki kwenye karatasi hii ya wasifu wa marehemu, mke mwenza, hata ukiificha kalamu. Ndivyo nilivyomwambia mjane wa marehemu tangu asubuhi. Yeye anasema, "Bibi, mtu aliyempasua mume wangu kichwa kwa mpini wa sururu haandikwi kati ya wafiwa. Getini nimeshawaambia asiingie, na jeneza hataligusa." Mimi nasema atalibeba. Marehemu ni mjukuu wangu, na herufi hizi ni yeye aliyenifundisha ukubwani, akinichapa vidole kwa rula nikikosea. Basi nisikilizeni.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 9 Machi 1977, saa nane mchana, mvua ya mawe ikitoboa mabati. Alitoka amekunja ngumi, akamvimbisha mkunga jicho. Mkunga naye ametangulia, kwa hiyo leo wanamalizana huko.

Alianza shule ya msingi mwaka 1984, akafukuzwa mara tatu. Alipenda kurusha mawe kwenye tope aone mashimo yanavyokaa, na siku moja kwenye tope alikuwamo mwalimu mkuu. Hata hivyo kwenye hesabu hakuna aliyemfikia.

Mwaka 1996 baba yao alifariki. Kaka yake, mpasua miamba kwa baruti kwenye machimbo ya kokoto, alimtaka aache vitabu waende wote machimboni. Alipokataa, kaka akayachoma madaftari. Aliyeanza kupiga ni marehemu, nilikuwepo: alimrushia kaka yake jiko lenye makaa. Kaka akajibu kwa mpini. Damu iliruka mpaka darini, akashonwa nyuzi kumi na saba. Kaka akahama nyumba siku ile ile, na marehemu akaenda chuo kikuu na bendeji kichwani.

Kuanzia mwaka 2011 alifanya kazi katika chumba cha kuongozea chombo kilichokuwa kikiizunguka Utaridi, ile sayari ndogo inayobabuliwa na jua. Chombo hakikutua. Kikipita juu ya mahali pazito kilivutwa kikaongeza mbio kidogo, kikipita juu ya pepesi kikalegea, na marehemu kwa kuufuatilia mwendo ule alijua tumboni mwa sayari mna nini. Aliniambia mna donge la chuma kubwa kupita kiasi, na kwamba huenda zamani iligongwa na jiwe kubwa kama sayari nyingine, ikang'olewa nyama ukabaki moyo. Kisha ikapoa, ikasinyaa, ngozi ikajikunja, miamba ikapanda juu ya miamba. "Kama wewe, bibi," akasema. Nilimzaba kofi, akacheka.

Mwaka 2014 mafuta ya chombo yalikaribia kwisha. Mkuu wake alitaka kibaki juu kiishi zaidi. Marehemu alitaka kishushwe, maana kadiri kinavyoikaribia sayari ndivyo kinavyousikia uzito wa ndani, hata kama mwisho wake ni kujipasua. Walishikana mashati, viti vikaruka, marehemu akang'olewa jino. Chombo kilishushwa. Mwezi Aprili 2015 kiliipiga sayari kwa kasi kupita risasi kikawa unga, na vipimo vya siku zile za mwisho ndivyo vilivyompa sifa.

Jino lile lilimpeleka kwa daktari wa meno, ndiye huyu mjane. Alimuuma kidole, naye badala ya kuita polisi akakubali kuolewa, tarehe 20 Septemba 2015. Walijaliwa mabinti wawili, wote wagomvi.

Tarehe 14 Juni mwaka huu mshipa ulipasuka kichwani akiwa kazini, akaanguka na meza yake. Siku tatu alipigana wodini, aking'oa mipira ya dawa na kuwapiga wauguzi mateke, mpaka tarehe 17 aliposhindwa.

Mjane anasema ni ule mpini. Daktari wa wodini aliniambia mimi mwenyewe kwamba kovu na mshipa ule havijuani.

"Na hata kama," akasema mjane. "Hawakuwahi kusemezana tena."

"Jumapili alikuwa akienda wapi?"

"Kwako, kukutengenezea redio."

"Redio gani, mke mwenza? Mimi sina redio."

Nikamweleza. Chombo kilipopasuka alikuja kwangu akampigia simu kaka yake, amuulize jiwe likipigwa kwa upande vipande vyake hurukia wapi. Walitukanana saa nzima, huku marehemu akiandika majibu. Tangu hapo ikawa kila Jumapili, miaka kumi.

Mjane akasema, "Basi mbona hospitali hakuja? Mimi hata sura yake siijui."

Niliendelea kuandika. Ameacha mjane, mabinti wawili, mimi bibi yake, na kaka yake. Alale sasa, maana maisha yake yote hakutuacha sisi tulale.

"Hilo la kaka yake nalikata," mjane akasema, akaninyang'anya kalamu.

Mlango ukasukumwa. Akaingia kaka mtu, mwanamume mpana, shati limechanwa, mdomo unavuja damu kwa kipigo cha getini. Mjane alimtazama, kalamu mkononi.

"Wewe," akasema, "si ndiye uliyenidaka pale nje ya wodi, siku ile nilipozirai?"